Tochi ya Nyuzi Elfu Tatu

Tochi ilikufa Jumatatu saa nne asubuhi, birika la watu likiwa mezani linangoja. Haikufa kwa kishindo. Mwali uliinama, ukawa wa njano, ukakohoa mara mbili, ukazimika. Binti Sonara alifunga mtungi wa gesi, akaupitisha mpira kati ya vidole vyake taratibu mpaka akakuta alichokuwa akikitafuta: nyufa tatu karibu na mpini. Mdomo wa tochi nao ulikuwa umeliwa na moto upande mmoja. Kwa tochi hiyo baba yake alilehemu hereni na mikufu ya mtaa mzima, na baada yake yeye mwenyewe, jumla miaka thelathini na sita. Ilikuwa na haki ya kuchoka.

"Imekufa?" mumewe aliuliza akiwa mlangoni.

"Imekufa."

"Nilijua. Si nilikuambia mwaka juzi kwamba hii ni takataka?"

Mwaka juzi alikuwa amesema kwamba vitu vya zamani ndivyo vitu, na kwamba tochi ile ingewazika wote. Binti Sonara hakumkumbusha. Alianza kuukunja mpira uliopasuka kama mtu anayekunja nguo ya marehemu.

Mtaani walimwita Binti Sonara tangu alipokuwa msichana wa kushika koleo pembeni ya baba yake. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, baba alishakufa, na jina halikumwacha. Mumewe walimwita Mhandisi. Hakuwa mhandisi. Alitunza stoo ya kiwanda miaka kumi na tano, na siku moja walipokuja wakaguzi alivaa kofia ngumu ya mkubwa wake, akawatembeza mbele ya mashine asizozijua hata jina. Wenzake wakaanza kumwita Mhandisi ili wamcheke. Yeye akalipokea jina hilo kama cheti na kurudi nalo nyumbani.

Birika lilikuwa la Mwalimu Mkuu, mama mmoja mstaafu ambaye mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake na bado ulisimama wima akipita. Lilikuwa la fedha tupu, zito, la kurithiwa. Mkono wake uling'oka upande wa juu, ukawa unaning'inia kwa kiungo cha chini tu. Alilileta Jumamosi ndani ya mkoba, limefungwa taulo.

"Mama yetu alituachia sisi wawili," alisema, "mimi na dada yangu. Dada anakuja Jumamosi ijayo. Hajui kwamba limevunjika, na hatajua. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu," alisema Mhandisi, ingawa hakuulizwa yeye.

"Mkiliharibu hakuna la pili." Kisha akahesabu nusu ya malipo, akaiweka kwenye kiganja cha Mhandisi. Mkewe alikuwa amesimama karibu zaidi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yao Jumatatu ile: birika moja lisilo na la pili, siku tano, na hakuna moto.

*

Duka la vifaa lilikuwa na kaunta ndefu na muuzaji mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Binti Sonara alitaka kwenda peke yake. Mhandisi alisema mambo ya gesi si ya kubahatisha, akavaa shati la kola, wakaenda wawili siku ya Jumanne. Mkewe alibeba bakuli la shaba nyekundu ndani ya kitambaa. Usiku uliotangulia alikuwa amelichagua kati ya vyombo vya baba yake na kulipima kwenye mizani. Uzito wake ulikaribiana sana na wa birika.

"Karibu, mzee," alisema muuzaji. "Tukupe nini?"

"Tochi ya kulehemu fedha. Kazi kubwa. Mimi ni mhandisi."

"Aaa, Mhandisi! Basi wewe siwezi kukuuzia hizi za kuwashia jiko."

Akashusha kutoka rafu ya juu sanduku jekundu. Ndani yake kulikuwa na mitungi miwili midogo, mmoja wa gesi na mmoja wa oksijeni, mipira miwili ya rangi mbili, na tochi nyembamba inayong'aa kama kalamu ya daktari. Mhandisi aliipokea kwa mikono miwili.

Binti Sonara alikuwa anatazama chini ya kaunta. "Samahani, kaka. Naomba kuiona ile yenye mdomo mpana. Ile yenye vumbi."

Muuzaji aliinama, akaitazama kama vile hakujua ilikuwa pale. "Ile? Mama, ile ni ya wapaka lami. Wanachomea mapaa."

"Ina midomo midogo ya kubadilisha?"

"Inayo ya saizi tatu. Lakini mama, utachoma nyumba."

"Naweza kuijaribu? Nimekuja na bakuli." Akafungua kitambaa.

Muuzaji alilitazama bakuli, kisha akamtazama Mhandisi, wakapeana lile tabasamu ambalo wanaume hupeana juu ya kichwa cha mwanamke. "Mama amekuja na sufuria yake!" alitangaza. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mhandisi alicheka kuwashinda wote.

"Fedha haikai na moto mahali pamoja," Binti Sonara alisema. Hakupandisha sauti. "Ukichoma hapa, joto linakimbilia kule. Birika ni kubwa. Nataka moto laini, wa kulikumbatia lote kwa pamoja. Huo mwembamba ni sindano. Utatoboa kabla upande wa pili haujapata joto la kutosha."

"Moto ni moto, mama," alisema muuzaji.

"Hapana," alisema Mhandisi, akiinua kidole. "Moto ni nyuzi. Hii ina nyuzi ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na ile ya lami?"

"Haifiki elfu mbili."

Mhandisi alimgeukia mkewe. "Umesikia? Kati ya elfu tatu na elfu mbili ipi kubwa?"

"Fedha inayeyuka kwenye mia tisa na kitu."

"Basi! Elfu tatu ni zaidi ya mara tatu. Hatuwezi kukosa."

Watu wa foleni walitikisa vichwa kwa heshima. Hesabu ilikuwa imepigwa mbele yao. Sanduku jekundu lilimaliza malipo yote ya awali ya Mwalimu Mkuu na kuomba kidogo juu yake, na bei ya tochi ya lami ilikuwa robo ya hiyo. Kwenye risiti muuzaji aliandika "Mhandisi" kwa herufi kubwa. Wakarudi nyumbani, mume na sanduku mbele, mke na bakuli nyuma.

*

Jumatano asubuhi Binti Sonara aliijaribu. Hakutaka kuihukumu kwa sura. Alisoma karatasi ya maelekezo yote, mpaka sehemu inayosema usimpe mtoto, akafungua mitungi kwa utaratibu ulioandikwa, akawasha. Mwali ulitoka mwembamba, wa buluu, ukipiga mluzi. Aliuelekeza kwenye bakuli la shaba, akausogeza, akauondoa, akauzungusha. Alijaribu kwa mbali na kwa karibu. Alifanya hivyo robo saa nzima, akibadilisha jambo moja kila mara, kama alivyofundishwa. Mwisho upande mmoja wa bakuli ulikuwa na tundu linaloweza kupita kidole, na upande wa pili haukuwa umefika hata kwenye wekundu.

Akampelekea mumewe bakuli sebuleni.

Sebule ilikuwa na viti vinne na rafu moja, na juu ya rafu hiyo kulikuwa na kikombe. Kilikuwa kikombe cha masikio mawili, kirefu kama chupa, kimechongwa maneno KWA UTUMISHI ULIOTUKUKA. Kiwanda kilikitoa siku kilipowapunguza kazini watu kumi na tano; kila mmoja alipewa cha kwake, badala ya mambo mengine waliyokuwa wakiyadai. Mhandisi alikuja nacho nyumbani miaka kumi na moja iliyopita akasema ni fedha tupu. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyekaa sebuleni mle bila kuambiwa.

Dada yake mkubwa, ambaye Binti Sonara alimwita wifi na aliyekuwa akiishi nao, alikisugua kila Ijumaa kwa kitambaa cha flana na majivu laini. "Tazama," alipenda kusema, "vyombo vya wifi vya fedha kule nyuma vinakuwa vyeusi kila baada ya mwezi. Hiki hakijapata doa hata siku moja. Ni mkono wangu huu."

Mhandisi alilipokea bakuli, akachungulia kwenye tundu. Jicho lake lilionekana upande wa pili.

"Umeishika vibaya," alisema.

"Nimeishika kila namna."

"Mke wangu, usiniudhi. Kuna wahandisi wamekaa, wamesoma, wametengeneza hiki kitu. Wewe umesomea wapi?"

"Kwa baba."

"Ndiyo maana!" alisema wifi kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua macho kwenye sinia la maharage aliyokuwa akichambua. "Mwenzio anakuletea maendeleo, wewe unamletea bakuli bovu."

Binti Sonara alilichukua bakuli lake. Kwenye jengo la pili nyuma ya nyumba yao mafundi walikuwa wakipaka lami juu ya paa tangu wiki iliyopita, na kutoka dirisha la karakana aliweza kuuona moto wao, mpana, wa uvivu, ukilamba kwa upole kitu kinachoweza kuungua kirahisi. Alijifunga kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama chini ya ngazi yao.

"Kaka! Fundi!"

Fundi Paa alichungulia, uso umejaa masizi. "Sema, dada."

"Naomba mnikopeshe tochi yenu. Kesho. Mnapokwenda kula."

"Unataka kuchoma nini?"

"Birika."

Mafundi wote walicheka kule juu. Fundi Paa naye alicheka, lakini alishuka. "Birika la nini, dada? Kwangu chai naichemsha kwa mkaa."

Akamweleza. Akamwonyesha bakuli na tundu lake. Fundi Paa alipitisha kidole kwenye tundu, kisha akasema, "Sisi pia tukitumia moto mwembamba tunachoma shuka ya lami inatoboka. Mpaka uwe mpana, uutembeze." Alikuwa mtu wa kwanza tangu Jumatatu kumwuliza swali na kusubiri jibu. "Nitakuletea yenye mdomo mdogo kabisa. Saa saba kamili. Lakini saa nane iwe imerudi, msimamizi wetu ana roho ya kutu."

"Nikulipe nini?"

"Mke wangu ana hereni imekatika."

"Mwambie alete zote mbili. Nitazisafisha."

*

Alhamisi saa sita na nusu Mwalimu Mkuu alikuja bila kuitwa, kama alivyokuwa akiingia madarasani zamani. Alikuta birika mezani limekwisha kusafishwa, mkono wake umefungwa mahali pake kwa waya mwembamba wa chuma, na viungo vya zamani, cha mdomo na cha kitako, vimepakwa uji wa chokaa visije vikayeyuka.

"Bado?" aliuliza.

"Saa saba, Mwalimu," alisema Binti Sonara. "Nangoja moto."

"Unangoja moto? Na hiyo ni nini?" Alinyoosha mkoba wake kuelekea sanduku jekundu.

Mhandisi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa na shati la kola. "Swali zuri sana, Mwalimu. Hiyo ni ya nyuzi elfu tatu. Nimeigharimia kwa ajili ya kazi yako. Mwenzangu hapa anaiogopa. Anangoja ya wapaka lami."

Mwalimu Mkuu alimtazama Binti Sonara kwa namna ambayo watu wazima wengi wa mtaa ule bado waliiota. "Birika la mama yangu, na tochi ya lami?"

"Mwalimu, ni kwa sababu..."

"Fundi," Mwalimu Mkuu alimwambia Mhandisi, "wewe unaweza kuitumia hii?"

"Bila shaka yoyote."

"Basi fanya wewe."

Mhandisi alifungua dirisha wazi ili mgeni aone vizuri. Mwanga wote wa mchana uliingia karakana. Mkewe alikuwa ameshaweka mkono wake juu ya birika, na hakuuondoa.

"Hili hapana," alisema. "Jaribu kwanza kwenye kitu kingine."

"Kitu gani? Hapa kuna vihereni tu."

"Kitu chochote."

"Ni haki," alisema Mwalimu Mkuu. "Jaribio kwanza. Lakini kiwe cha fedha, na kikubwa kama hiki, ndiyo tutajua."

Mhandisi alisimama kidogo. Kisha uso wake ukang'aa, akainua sauti kuelekea sebuleni. "Dada! Niletee kikombe changu!"

Wifi alikileta akiwa amekifunga kwa flana, amekikumbatia kifuani. "Unakwenda kukifanya nini, mdogo wangu?"

"Sikifanyi kitu. Nakipasha moto tu, wamwone mtu anayejua. Fedha kwa fedha. Mwalimu, hiki ni fedha tupu. Nilitunukiwa."

"Hicho kiache," alisema Binti Sonara.

"Kwa nini?"

Hapa inafaa kusema mambo kama yalivyokuwa. Binti Sonara alijua kikombe kile ni nini tangu jioni kilipoletwa. Alipokipokea mkono wake ulitarajia uzito fulani na haukuukuta. Alikigonga kwa ukucha, hakikulia. Ukucha wenyewe uliacha mstari. Tena kwa miaka kumi na moja hakikusawijika, wakati fedha ikiachwa wiki chache tu huanza kuwa nyeusi. Angeweza kusema neno moja, na lingetosha. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa pale, na wifi alikuwa amekikumbatia.

"Kiache tu," alisema.

"Kiache tu! Mwalimu, unaona? Ni wivu. Huyu tangu nimuoe hajatunukiwa hata kijiko." Akakitwaa kikombe kwa dada yake, akakiweka juu ya tofali. "Sema sababu."

"Nimekuambia ukiache."

"Sababu!"

Mkewe alilichukua birika, akarudi nalo mpaka kwenye kigoda cha ukutani, akalipakata.

Mhandisi aliwasha. Mluzi ulijaa chumbani. Akaushika mwali kama mtu anayetia saini, akauelekeza chini kidogo ya ukingo, mahali palipoandikwa ULIOTUKUKA.

Fedha ikipata moto hubadilika rangi kwanza. Huwa na haya, huwa nyekundu ya giza, na hata hapo bado imesimama. Kikombe hakikubadilika rangi. Kilitoa jasho. Kisha sikio moja likainama, la pili likalifuata, na ukingo wote ukakunjika kwa ndani kama karatasi iliyonyeshewa. Neno la mwisho lilishuka polepole juu ya lile lililotangulia. Kabla mtu hajamaliza kuhesabu mpaka kumi, kitu cha kijivu kinachometameta kilikuwa kinatambaa juu ya tofali, kikafika ukingoni, kikadondoka tone moja kwenye kiatu cha Mhandisi.

Akaruka. Akafunga gesi kwanza badala ya oksijeni, tochi ikalia pwaa.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza wifi. Alikuwa bado ameshika flana kwa mikono miwili, imeachwa nafasi ya kikombe katikati. "Kikombe kimekwenda wapi?"

"Mmeona nguvu?" alisema Mhandisi. "Mmeona? Elfu tatu hizo."

Mwalimu Mkuu alisogea mezani, akavaa miwani, akainama juu ya kile kilichobaki. "Bwana," alisema, "nimefundisha sayansi miaka thelathini. Hii si fedha. Ni bati."

"Kilikuwa fedha, Mwalimu."

"Lini?"

"Mpaka tochi ilipokigusa."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Hakucheka, na pengine ingekuwa afadhali angecheka. Alimtazama Mhandisi kwa muda, jinsi mtu anavyotazama karatasi ya mtihani aliyokwisha kuiwekea sifuri, akitafuta kama ipo hata alama moja ya huruma, kisha akageuza uso.

*

"Hodi! Dada, nimeleta dubwana lako!"

Ilikuwa saa saba kamili. Fundi Paa aliingia na tochi begani, mpira umezungushwa shingoni, chumba kizima kikanuka lami. Aliwaona watu, akaliona tofali, akaishusha tochi kwa adabu.

Binti Sonara alifunga dirisha. Akashusha pazia. "Nahitaji giza," alisema, na hakumwambia mtu fulani. "Rangi ya moto haionekani kwenye mwanga." Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwahi kuambiwa na mtu mahali pa kusimama, alisogea alipooneshwa.

Alifunga mdomo mdogo kwenye mpini mrefu, akaunga mpira kwenye mtungi wake wa gesi, akawasha, akapunguza mpaka mwali ukawa laini, wa ukubwa wa kichwa cha mtu, bila mluzi. Alikuwa ameshapaka unga wa boraksi uliochanganywa na maji kwenye kiungo ili lehemu itiririke vizuri, na kuweka juu yake vipande vya lehemu vya ukubwa wa punje ya mtama. Hakuanza na kiungo. Alianza na kitako, akapanda, akazunguka, akashuka tena, moto ukilifunika birika lote kama blanketi. Boraksi ikavimba nyeupe, ikatulia, ikawa kama kioo. Ilichukua dakika nne, na katika hizo nne mkono wake haukusimama hata mara moja.

Ndipo kwenye giza birika likaanza kuonekana lenyewe, jekundu hafifu, kutoka ndani. Akausogeza moto karibu na mkono wa birika. Mstari mwembamba unaong'aa ukakimbia kuzunguka kiungo, mara moja, kimya, ukakutana na mwanzo wake. Akauondoa moto.

"Tayari," alisema.

"Hiyo tu?" aliuliza Fundi Paa, kwa sauti ya chini, kama yuko msikitini au kanisani.

"Hiyo tu."

Alifungua pazia. Mhandisi hakuwapo. Wifi alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, flana mapajani. Saa nane kasoro dakika kumi tochi ya lami ilirudi kwenye paa.

Birika lilipopoa, likatoka kwenye asidi ya kusafishia na kuoshwa, Mwalimu Mkuu alipitisha ukucha kwenye kiungo, juu, chini, nyuma. Akarudia. Hakusema "vizuri", kwa kuwa hakuwa na desturi hiyo. Alitoa nusu ya malipo iliyobaki, mkono wake ukaelekea mlangoni kwa mazoea kumtafuta mwanamume, haukumkuta, ukarudi. Akaziweka noti juu ya meza, kando ya makoleo.

"Wewe ulijua," alisema. "Kile kikombe."

"Nilijua siku kilipoingia."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na hukumwambia?"

"Hakuniuliza, Mwalimu," alisema Binti Sonara. "Sonara yuko chumba cha pili. Miaka kumi na moja, hakuniuliza."

Alikuwa siku zote akiamini kwamba alinyamaza kwa huruma. Sasa aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno hayo, na hakusikia huruma ndani yake. Kwenye kona ya mlango wifi aliinua kichwa, akamtazama kwa muda mrefu, akaanza kuikunja flana.

*

Ijumaa Mhandisi alirudisha sanduku jekundu dukani. Alidai tochi ina nguvu kupita kiasi, kwamba imeyeyusha fedha tupu mbele ya mashahidi. Muuzaji alimpongeza. Akamwambia ndiyo sifa yake, na kwamba kilichokwisha kuwashwa hakirudishwi. Mhandisi akarudi nalo, akaliweka kwenye rafu ya sebuleni mahali palipokuwa na kikombe. Mchana wifi alipita na kitambaa chake kama kila Ijumaa, akasimama mbele ya rafu, akafikiri, kisha akalifuta sanduku.

Jumamosi asubuhi Binti Sonara alikwenda dukani na bakuli lake lenye tundu.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza muuzaji.

"Ndiye mimi."

Alinunua ile yenye vumbi, na midomo yake mitatu. Aliomba kuijaribu kwanza. Muuzaji alimtazama usoni, akamtolea mtungi.

Alipokuwa amekwisha kuifunga kwenye meza yake, Mhandisi alikuja akasimama kwenye mlango wa karakana. Hakuwa na shati la kola. Alisimama hapo muda, akitazama hereni mbili za mke wa Fundi Paa, mkufu uliokatika wa jirani, bangili ya muuza dawa, vyote vimepangwa kwa mstari kwenye sahani, kila kimoja na kikaratasi chake.

"Unafanya nini sasa?" aliuliza.

"Kazi za watu."

Alikohoa. Kisha akaanza kuhangaika na kidole chake cha pete, akakizungusha, akakilowesha kwa mate, mpaka pete ikatoka. Akainyoosha mbele ya mkewe juu ya kiganja. Ilikuwa pete nene, nyeusi kidogo upande wa ndani, ambako jasho lilikuwa limekaa miaka ishirini na mbili.

"Na hii?" alisema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia kabla. "Hii je? Ni fedha?"

Binti Sonara aliitazama pete, lakini hakuishika. Aliifua mwenyewe kwenye meza hiyo hiyo, wiki moja kabla ya harusi, kwa mabaki ya fedha aliyopewa na baba yake. Alikuwa amemwambia kwamba ni fedha siku anamvisha. Alikuwa amemwambia tena walipotimiza mwaka, na tena walipotimiza kumi.

"Iweke hapo," alisema, akionyesha sahani kwa ncha ya kibano. "Mwisho wa mstari. Nitaiangalia nikiifikia."

Mhandisi aliiweka nyuma ya bangili ya muuza dawa. Akangoja kidogo kuona kama atapewa kikaratasi. Mkewe alikuwa ameshashusha pazia.